Mlangoni kwa Watu, Liverpool

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Huku Ndia Kuu sote tu wazima, ila nyanyako goti lamsumbua, na habari za daktari hataki kuzisikia.

Waniuliza kutoka huko ugenini uliko: begi mgongoni, mvua yanyesha, miguu imechoka, na mji mzima huna umjuaye, utapumzika wapi? Miaka ya arubaini, nilipokuwa baharia, meli yetu ilitia nanga Liverpool, nikashuka kutembea peke yangu. Mvua ya huko haina hasira, lakini haichoki. Nilichoka mimi. Nikaona nyumba yenye ngazi za mawe mlangoni, nikaketi, kama mpita njia yeyote aketivyo kwenye baraza yetu bila ya kuulizwa.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja akanitazama, ameduwaa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu, "Napumzika tu, mama." Akarudi ndani. Nikajua aenda kuita polisi, lakini miguu ilikataa kuinuka. Akatoka na mwavuli na vikombe viwili vya chai, akaketi kando yangu. Majirani wakachungulia madirishani.

"Nimeishi hapa tangu niolewe," akasema, "na sijapata kuketi hapa nje."

Basi keti, mwanangu. Juzi kijana wa Kizungu, amelowa chepechepe, alijibanza barazani petu. Nikamwita nyanyako alete chai. Akauliza ni nani huyo.

"Mfanye ni Rukia," nikamjibu.

Akaileta mwenyewe, na goti lake lile.

Babu yako