Ameshikwa ama Bado?

Mdogo wangu Odhiambo,

Mko salama hapo machimboni Osiri? Kile kikohozi cha vumbi la mawe kimepungua? Na Mama kule Lambwe, goti linamruhusu kufika shambani? Mimi nipo tu. Theluji imeanza huku Kanada, na bado nafua mashuka katika nyumba hii ya wazee.

Juzi wazee walionyeshwa ile filamu ya zamani unayoitafsiri katika kibanda chako cha video: waandishi wawili wa gazeti wanafukua uchafu wa rais mpaka anajiuzulu. Mimi niliyeandika makala za kuwachoma wakubwa miaka yote ile, nilidhani damu itachemka. Haikuchemka. Nilikaa nimeshika blanketi la mtu. Mwishoni mashine ya chapa inagonga, habari za hukumu zinapita kwa maandishi, basi. Kumbe hakuna anayeonekana akishikwa!

Nikakumbuka kwako. Wachimbaji wanakupigia kelele wewe mtafsiri wao, "Dije, huyo mwizi ameshikwa ama bado?" Nawe kwenye maikrofoni, "Ameshikwa, omera, ndugu yangu! Yuko jela ya Homa Bay, analala sakafuni!" Kibanda kizima kinacheka. Na yule rais ulimpa jina la mheshimiwa wetu, mwenye shimo la dhahabu lililofukia watu, ambaye hadi leo hajaulizwa lolote.

Sasa unaniandikia kwamba vijana wake wamevunja spika zako na kuapa kwamba ukirudia watachoma kibanda. Unauliza, "Sista, Jumamosi niionyeshe hiyo filamu ama niwache?" Zamani ningejibu kabla hujamaliza kuuliza. Ujasiri ni rahisi huku, hakuna wa kunichomea kitu. Nimejaribu kukasirika kwa ajili yako, nimeshindwa. Hasira ipo, ila mkono hauifikii.

Onyesha. Lakini jina la mheshimiwa usilitaje, na ule mwisho usiutafsiri. Zima maikrofoni. Wakiuliza kama ameshikwa, nyamaza, wasikie mashine ikigonga. Waliofukiwa walikuwa wenzao. Watajijibu wenyewe, na hakuna atakayesema umesema wewe.

Shemeji na watoto walale kwa Mama siku hiyo. Msalimu Mama, ila habari za spika usimwambie. Msalimu pia shangazi yetu wa Takawiri, mwambie samaki wake nawaota.

Kazini haturuhusiwi simu. Lakini Jumamosi, simu yangu itakuwa mfukoni, imewashwa.

Dada yako,
Akinyi