Kichwa Kinachotikisika Nyuma ya Darasa

3 Machi

Baba yangu kinyozi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili mzima, akili ndiyo inayoyumba.

Unajua nilipewa darasa la kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi kuzungumza mbele za watu. Wako ishirini na wawili. Wiki nane tumefanya mazoezi: kusimama wima, kuacha karatasi mezani, kuvuta pumzi kabla ya sentensi ya kwanza. Darasani wanatiririka mpaka raha. Jana wakaitwa mbele ya jopo la wageni, sisi walimu tukaambiwa tusubiri nje. Mmoja baada ya mwingine wakapigwa na bumbuwazi. Yule mrefu ninayemwita Redio, kwa maneno mengi, alitaja jina lake, basi.

Mkuu wa idara amesema watarudia tarehe ishirini na nane. Wakishindwa, mkataba wangu hauongezwi. Nimekosea wapi, baba? Nawaza mpaka kichwa kinauma.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanung'unika, lakini kazini nasimama. Mambo ya chuo mimi siyajui, ila nina swali la kijinga. Wakiwa wanazungumza, wewe unakaa wapi, na unafanya nini?

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia.

Nakaa nyuma kabisa, kiti cha katikati, natikisa kichwa kuwatia moyo. Swali lako nililicheka, kisha nikalijaribu. Jana nilikaa kando ya dirisha, macho kwenye daftari, kichwa kimetulia tuli. Redio akakatiza sentensi: "Mwalimu, nimekosea?" Hakuwa amekosea chochote.

Kumbe wiki zote hizo walikuwa wanazungumza na kichwa changu. Sasa nikifanyeje? Wewe vichwa ndiyo kazi yako, nishauri.

Binti yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Jibu lako sijaliona, naomba lisiwe goti.

Ilibidi niamue mwenyewe, nikatoka darasani. Wiki mbili nimekaa koridoni kwenye benchi, wao ndani wanasikilizana, asiyeelewa anauliza. Nilichokuwa nasikia ni vicheko na viti kusogezwa, nikaona sasa nimeharibu kabisa.

Jana walifaulu wote. Mkataba umeongezwa. Mbona basi sina raha? Walitoka kwa jopo wanaongea kwa pamoja, wakanipita mlangoni kama nguzo. Redio hakutupa hata jicho. Ndicho nilichokitaka, baba, na bado nilikwenda kujifungia chooni nikalia. Nieleze, maana mimi sijielewi.

Binti yako

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Goti halina hatia. Barua yako iliyotangulia nilikaa nayo kwa sababu sikujua la kukushauri, nikaona aibu kusema hivyo.

Hili nalo kulieleza siwezi. Ila siku ile ulipoondoka kwenda kuanza kazi huko, ulipanda gari unapiga soga na wenzako, hukugeuka. Mama yako akaniuliza kama nimefurahi, nikamwambia sana. Na ni kweli, nilifurahi. Halafu nikafungua duka, nikachukua ufagio, nikafagia mara tatu, na sakafuni hapakuwa na unywele hata mmoja.

Baba yako