Mtoto Niliyemwita Maiti Kule Kya-Mashika

Kamina, Jumatano, mwezi wa saba, 1953

Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi jekundu la kiangazi limetanda juu ya barabara ya stesheni, na mimi nimevaa sweta. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama nina homa. Nimemwambia hapana. Siwezi kumweleza bado, kwa hiyo naandika hapa kwanza.

Juma lililopita nilimwita maiti mtoto aliye hai.

Mimi ni msaidizi wa daktari katika dispensari hapa Kamina, huu ni mwaka wangu wa sita. Watu wananiita munganga, yaani daktari, nami nimezoea kuitika. Mwanzoni mwa mwezi daktari wetu, Mbelgiji, alinituma kuchanja ndui katika kijiji kidogo juu ya uwanda, mbali nyuma ya Luena. Hapa mjini wanakiita Kya-Mashika, kwa sababu mashika kwa Kiluba ni baridi. Waliofika huko ni wachache, lakini kila mtu ana habari zake. Kwamba watu wake hawaogi mpaka mvua zirudi. Kwamba mbwa wao hulala ndani ya majivu. Nilicheka pamoja na wengine. Shemeji yangu anayefanya kazi ya reli alinipa sweta lake, nikalipokea kwa mzaha.

Nilipanda treni mpaka Luena, nikaenda siku moja kwa baiskeli, kisha siku nzima kwa miguu, kupanda tu. Aliyekuja kunipokea ni kijana mmoja wa kijiji, Ilunga. Aliniambia mkewe, Ngoie, yu karibu kujifungua mtoto wao wa kwanza, ndiyo maana anatembea haraka. Kadiri tulivyopanda miti ilipungua, mwisho yakabaki majani na upepo.

Nyumba zao ni fupi, paa za nyasi zimeshuka mpaka chini, na mlango ni mdogo hata mtu mzima anaingia kwa magoti. Hawalimi mihogo. Nilimuuliza Ilunga kwa nini, akanionyesha shina moja ambalo mtu alijaribu kulipanda: majani yalikuwa meusi, kama yamepitiwa na moto. Baridi ndiyo iliyoyaunguza. Wanakula ugali wa ulezi, bukari kama tunavyouita, na maharagwe, na kuni wanazifuata bondeni, kwenye kijito.

Katika kipindi hiki cha mwaka jamaa nzima hulala nyumba moja, wamebanana kuuzunguka moto. Mama yake Ilunga, Kambo Umba (kambo kwetu ni bibi), alinitengea nafasi kati ya wanaume. Nilikataa. Niliona si heshima kwa munganga kulala amebanwa mabega na watu wasiomjua. Nikaomba kibanda cha peke yangu, wakanipa, na hakuna aliyenicheka mbele yangu.

Asubuhi nilipoinamisha sufuria niliyoacha na maji ya kuchemshia sindano, maji hayakumwagika. Niligonga kwa kidole, yakalia kama kioo. Barafu nilikuwa nimeiona mara moja tu, ndani ya sanduku la baridi nyumbani kwa daktari, na nilidhani ni kitu cha mashine. Nilitoka nje. Uwanda wote ulikuwa mweupe, kila jani limeganda, na watoto walikuwa wanapita juu yake miguu mitupu wakienda kukojoa.

Nilichanja watu siku mbili. Mikono yangu ilikuwa haisikii vizuri mpaka saa nne za asubuhi, lakini sikumwambia mtu.

Siku ya tatu, jua ndiyo kwanza linachomoza, nilisikia watu wanakimbia. Ngoie alikuwa ameteremka kijitoni na wifi yake kuchota maji, na uchungu ukamshika njiani. Mtoto alizaliwa pale pale, juu ya majani yaliyoganda. Wifi alimfunga mtoto kwa kitambaa cha kichwani, kitambaa chenyewe kimelowa, akamsaidia mzazi kupanda kilima. Walipofika nyumbani mtoto, wa kike, alikuwa na rangi ya majivu. Hakulia. Mikono yake haikukunjika nilipoigusa.

Waliingia naye, nami nikapiga magoti nikaingia nyuma yao na mkoba wangu. Niliweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani pake, nikasikia upepo nje na pumzi za wanawake. Nikaweka vidole shingoni pake. Hapakuwa na kitu. Nikahesabu labda mpaka thelathini, nikasimama.

"Amekufa," nikasema.

Ngoie hakulia. Aligeuza uso ukutani. Ilunga, aliyekuwa mlangoni, aliniangalia mimi, kisha akamwangalia mama yake.

Kambo Umba alikuwa tayari anavua shali yake. "Bado iko baridi tu," akasema. "Apate joto kwanza, kisha utasema."

Nilimjibu kwa ile sauti yangu ya dispensari. Nilimwambia, "Mama, mimi nimepima. Tusimutese huyu muzazi." Nikamgeukia Ilunga nikamwambia achukue jembe. Nilisema hivyo. Nalikumbuka kila neno.

Ilunga alichukua jembe, lakini hakuondoka.

Yule mama alimfungua mtoto kile kitambaa chenye maji, akamfuta, akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akajifunika na kumfunika. Mwanamke mmoja alitaka kuwasogeza karibu na moto. Akamzuia. "Apana pa moto. Moto itamuuwa. Mwili njo itamurudisha." Basi wanawake wanne wakaketi kumzunguka, wakamwegemea kila upande, na mmoja akampulizia mtoto usoni polepole, kama mtu anayepoza uji.

Mimi nilitoka nje. Niliona aibu kwa niaba yao. Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua daftari langu la kazi, na kwa Kifaransa safi nikaandika: mtoto wa kike, amezaliwa maiti.

Sijui nilikaa muda gani. Jua lilipanda, ule weupe ukaondoka kwenye majani, uwanda ukawa wa kahawia tena na ukaanza kutoa mvuke. Ilunga alikuwa bado amesimama na jembe lake. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Nilitazama huku na huku nikitafuta kuku.

Kambo Umba aliniita kutoka ndani, bila kupaza sauti. "Munganga, kuya usikie."

Niliingia. Hakunipa mtoto, alifunua shali kidogo tu. Niliinamisha sikio langu lenyewe, bila kifaa. Moyo ulikuwa unapiga. Polepole sana, lakini unapiga. Kisha ile midomo ya majivu ikafunguka na mtoto akalia mara ya pili, na nyuma yangu jembe likaanguka chini.

Nilikaa kwenye majivu, na nguo zangu nyeupe, mbele ya wanawake wote. Hakuna aliyenisema. Mmoja alinipa kikombe cha uji, lakini vidole vyangu havikukishika vizuri, nikaumwaga. Kambo Umba aliniangalia, akasema tu, "Vidole vyako iko baridi, baba. Ungepashaka moto kwanza."

Vidole vyangu. Nilikuwa nimeamka katika kibanda cha peke yangu, bila moto, vidole vimekufa, na kwa vidole hivyo nilitafuta uhai wa mtu.

Niliondoka kesho yake. Ngoie alikuwa ananyonyesha. Alinishukuru kwa chanjo.

Na bado sijaandika baya kuliko yote. Ndani ya treni, kutoka Luena, nilichana ule ukurasa wa daftari nikauandika upya. Niliandika kwamba mtoto alizaliwa katika baridi, hana dalili za uhai, na kwamba akarudishwa kwa kupashwa joto "na msaidizi aliyekuwepo." Daktari aliisoma taarifa hiyo jana. Akanishika bega mbele ya masista. Akasema atapeleka jina langu Elisabethville, nikasome zaidi. Mimi nikasema asante.

Sikula jana. Leo asubuhi, kabla wagonjwa hawajafunguliwa mlango, nilibisha kwake nikamweleza yote: yule mama, jembe, ukurasa niliouchana. Nilingoja anifukuze kazi. Alivua miwani akaifuta. Hakuniuliza habari za uongo wangu hata kidogo. Aliniuliza, kwa Kifaransa chake cha taratibu, kitu kingine.

"Na wale wa hapa Kamina, uliosema wamekufa. Hao uliwangoja muda gani?"

Nilitoka moja kwa moja mpaka mlangoni pa dispensari.

Maana nilimkumbuka mmoja palepale. Mwaka jana, mwezi wa sita, asubuhi yenye upepo, mtoto wa Banza, yule anayezoa majivu ya mashine za treni pale stesheni. Mkewe, Numbi, alijifungulia shambani, wakamleta mtoto juu ya baiskeli, ndani ya gunia tupu. Nilimpima pale pale mlangoni. Sikumwingiza hata ndani. Nilimrudishia baba yake. Tangu siku hiyo Banza ananisalimu kila asubuhi, anavua kofia.

Huenda alikuwa amekufa kweli. Wengi hufa kweli. Sitajua kamwe.

Mchana nilikwenda kwao. Sikujua nitasema nini, miguu ilikwenda tu. Banza alikuwa kazini. Numbi alikuwa kwenye mkeka anaparua samaki wakavu wa ziwani, wa Kinkondja, na aliponyanyuka kunipa kiti niliona ana mimba, kubwa, ya miezi saba au minane. Nusura nigeuke nirudi. Badala yake niliketi, nikamwambia. Nilimwambia mambo ya Kya-Mashika, na nikamwambia kwamba mtoto wake nilimshika kwa muda mfupi mno, na kwamba sijui.

Aliendelea kuparua samaki. Nilidhani hakusikia. Kisha akaweka kisu chini.

"Mimi najua, munganga," akasema. "Ile siku ulimushika kiloko, kidogo tu. Nilikuwa naangalia."

Mwaka mzima. Alijua mwaka mzima, na mumewe alikuwa ananivulia kofia, na yeye hakumwambia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Angekuya kukuuwa. Kisha ningebakia na nani?"

Nilitazama magamba ya samaki kwenye vidole vyake. Yeye aliweka mkono tumboni, akaniangalia usoni, na hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa amenisamehe, na wala sikuwa nimekuja na haki ya kusamehewa.

"Huyu mwenye kuko humu," akasema. "Utamungoya?"

"Nitamungoya."

"Hata kama inachelewa?"

"Hata kama inachelewa, mama."

Akachukua kisu chake akaendelea na kazi.

Nimerudi nyumbani, nimeandika haya, na mke wangu anapanga sahani. Leo nitamweleza wakati tunakula, yote, na habari ya Elisabethville pia, kwamba sitakwenda hata nikiitwa. Siwezi kuwa mbali mwezi ujao. Banza lazima aambiwe naye, lakini neno hilo ni la Numbi kulitoa, si langu, na ninajiuliza kama huko ni kumheshimu au ni kuogopa.

Asubuhi nitafika dispensari kabla ya wote. Nitawasha jiko, nitatandika blanketi mbili karibu na mlango, na nitakaa nikipasha mikono yangu mpaka mgonjwa wa kwanza abishe.