Watoto Watano wa Mama Lyse

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Leo naanza, na naweka nadhiri: humu nitaandika yote, hata yatakayoniaibisha. Mwalimu Leodgar anasema mtu huanza kuandika vizuri siku anapoacha kujipendelea. Basi.

Nimekuwa mkalimani! Mimi, Wema, Kidato cha Tatu! Mgeni ni Bwana Wendell, mzee mstaafu wa Kanada, mwenye ile blogu tunayoisoma kwenye kipindi cha Kiingereza. Anaandika siasa za kwao — nani kaahidi nyumba, nani kadanganya kuhusu kodi, uchaguzi wao wa mwisho wa mwezi huu — halafu katikati anamwingiza mbwa wake na theluji iliyoziba mlango. Akisafiri anaandika barabara na vyakula. Mwalimu alimwandikia mwaka jana, wakawa marafiki. Sasa mzee amefika kweli. Kofia pana, pua nyekundu.

Alitaka kuongea na wakimbizi. Kwao vyama vinagombania wangapi wapokelewe, na jambo hilo linamkera. Mama akasema: mbona Mama Lyse yupo hapa hapa?

Jina lake hasa ni Révérienne. Mama alijuana naye zamani, alipokuwa akipeleka unga wa muhogo kambini. Amepewa kibali cha kuja mjini kutazamwa macho, amefikia kwetu Gungu pamoja na Lyse, rafiki yangu. Wadogo wake Lyse, Petero na Manariyo, wamebaki kambini kwa jirani. Faili lao la kwenda Kanada limepita mahojiano, limepita vipimo. Bado tarehe ya ndege tu. Baba yake Lyse alichukuliwa na watu kule Burundi, hakurudi. Kwa hiyo wao kurejea huko — hapana.

Tulienda wote Ujiji, tukala mgahawani kwa Bi Mwanvua karibu na ziwa. Bwana Wendell akamshambulia samaki wake, mgebuka, kwa uma. Bi Mwanvua hakuvumilia. "Babu, huyo keshakufa, hakung'ati! Mshike!" Nikatafsiri. Mzee alicheka mpaka mwiba ukamkwama.

Halafu maswali. Mama Lyse alijibu taratibu, Kiswahili chake kina Kirundi ndani. Una watoto wangapi? Akaniwekea mkono begani. "Watano, Imana ishimwe. Na huyu ni wangu." Nikatafsiri: watano, Mungu asifiwe, na huyu ni wangu. Bwana Wendell akatupiga picha hivyo hivyo, mkono begani.

Nilijisikia mrefu. Alikuwa ametuhesabu mimi na mdogo wangu Adolf. Huku kwetu hulali nyumbani kwa mtu, ukaulizwa watoto mbele yake, ukawaruka wa kwake. Ni kama kusema chakula chake hakikushuka. Mama alikuwa anatazama sahani, anatabasamu.

Jumanne, 8 Aprili

Wamerudi kambini. Lyse alivaa viatu vyangu vya zamani. Kasema akifika Kanada ataandika habari za theluji kuliko yule babu, wasomaji wote watahamia kwake. Nimecheka. Baada ya gari kuondoka sikucheka.

Alhamisi, 10 Aprili

Habari yetu imetoka kwenye blogu! Ameanza na mvua ya Mwandiga iliyomlowesha juu ya bodaboda, akaja kwenye mawese — anasema yana rangi ya machweo, mimi naona yana rangi ya mawese — halafu ghafla siasa. Anawauliza wagombea wa jimbo lake: mwanamke huyu, mama wa watoto watano, amesubiri miaka kumi, nyinyi mnabishana idadi? Picha yetu iko juu kabisa.

Na kuna sentensi juu yangu. Kwamba mkalimani wake ni msichana wa shule ambaye Kiingereza chake hakina doa. Mwalimu ameichapa, kaibandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na ratiba ya mitihani. Nimepita pale mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimesoma maoni ya wasomaji wake. Afadhali nisingesoma. Mmoja: sisi wenyewe hatuna nyumba, mnatuletea watano na mama yao. Mwingine: wanazaa tu. Wengine wema, wanaomba namna ya kusaidia. Bwana Wendell anagombana na kila mmoja, aya ndefu ndefu. Anasema ameituma habari kwa wagombea wote na kwa ofisi inayoshughulikia wakimbizi, ili faili liharakishwe. Ameandika jina lote na kambi.

Alhamisi, 17 Aprili

Lyse alipiga kwa simu ya jirani. Alikuwa anaongea haraka, sauti ya chini.

Mama yake aliitwa ofisini. Afisa alikuwa ameifungua ile blogu kwenye kompyuta, akamwambia: Faili linasema watoto watatu. Hapa unasema watano. Wawili uliwaficha wapi? Na huyu mkubwa kwenye picha anaishi mjini, kwa kibali gani?

Mama Lyse akasema huyo ni mtoto wa rafiki yake Skolastika, yaani mama yangu.

Mbona ulisema ni wako?

Akajibu: "Ni wangu."

Yoo, Mama Lyse! Lyse anasema alimfinya mama yake chini ya meza. Hakuelewa anafinyiwa nini. Afisa kafunga faili, kasema limesimama mpaka familia ijulikane. Na mtaa wao kambini umeanza kuitwa kwa ajili ya magari ya kurudi Burundi. Wenye faili la nchi nyingine walikuwa wanarukwa. Wao sasa wametajwa. Alhamisi ijayo.

Nilimuuliza Lyse anafanya nini. Kasema anafua nguo za Manariyo, asije akasafiri na chafu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Hatukula mchana, na si kwa sababu ya mfungo. Mama alikaa uani na unga mbele yake, hauchekechi. Nikamwambia kosa ni langu, ningetafsiri watatu. Akanikemea. "Ungesemaje watatu nami nimekaa pale? Ungenivua nguo mbele ya mgeni." Kisha, polepole: "Na Révérienne akiulizwa kesho atasema watano tena. Namjua."

Mwalimu amemwandikia Bwana Wendell, amemweleza mila yote vizuri, kurasa mbili. Mimi nilisoma kabla haijatumwa. Ilikuwa nzuri sana. Nilidhani shida imekwisha.

Jumapili, 20 Aprili — Pasaka

Kanisani watu wamevaa vipya. Feliksi, kinara wa kwaya yetu, aliniona natazama simu akanong'ona: "Wema, Yesu amefufuka, hakutumii meseji." Kweli ilikuwa imefika meseji, lakini ya Bwana Wendell kwa Mwalimu, na Mwalimu alinirushia.

Mzee amesikitika kweli, inaonekana. Ameifuta picha. Ameandika habari mpya kueleza mila yetu — na wale wasomaji wakacheka, eti sasa wanahesabu na watoto wa jirani. Akaipigia simu ile ofisi ya kwao. Wamemjibu hivi: ikiwa mama alisema watano, hata kwa mila, lazima ahojiwe upya, na foleni ya mahojiano inafika mwakani. Ikiwa mkalimani alikosea, shahidi aliyekuwepo, yaani yeye Bwana Wendell, anaandika sahihisho, ukurasa mmoja, faili linaendelea.

Hapo ndipo aliponiuliza. Kwa upole, jina langu mwanzoni. Je, inawezekana nilikosea? Hataki kuandika uongo, anasema, wasomaji wake wanamwamini miaka kumi na minne. Lakini nikimwambia nilikosea, ataniamini na ataandika leo leo.

Mwalimu alikuja nyumbani jioni. Hakukaa. Kasema sitakiwi kujibu chochote nisichokiamini. Halafu akasema pia hatanishauri. Sijawahi kumwona Mwalimu bila ushauri. Alisimama mlangoni akizungusha funguo za baiskeli, akamwamkia Mama mara mbili.

Jumatatu, 21 Aprili

Niliahidi kuandika yote humu. Kwa hiyo naandika kwanza humu: sikukosea. Alisema watano. Nilisikia watano, nikasema watano, na ilikuwa kweli. Mkono wake begani mwangu ulikuwa mzito na wa joto, ulinuka samaki. Sitaki hilo lipotee, hata kama litabaki humu tu.

Lyse alipiga tena asubuhi. Hawajabadilisha siku. Wanaruhusiwa mzigo kiasi, wanabishana kama masufuria yaende. Manariyo anauliza kama Burundi kuna theluji, maana yeye alizaliwa kambini na alishaahidiwa theluji. Mama Lyse alichukua simu kidogo. Hakusema habari za faili. Kaniuliza Adolf amepona kikohozi? Nikasema amepona. "Ehe," kasema, "msimwache atembee kifua wazi. Mwana wanje huyo."

Mwana wanje, mwanangu kwa Kirundi! Hata leo!

Nilikwenda shuleni, imefungwa kwa sikukuu, mlinzi Mzee Samson akanifungulia. Shikamoo, marahaba, unataka nini siku kama hii? Nikasema kuna karatasi yangu ubaoni. Nikaibandua. Gundi iliacha pembe moja pale pale, yenye neno doa. "Wamekukosea jina?" akauliza. Nikasema hapana, jina liko sawa.

Kisha nikaandika kwa Kiingereza, peke yangu, bila kamusi. Mama alisimama nyuma yangu ingawa hasomi Kiingereza. Aliniuliza nimeandika nini, nikamwambia. Akaniwekea mkono begani, pale pale.

Nanakili hapa kwa Kiswahili nilichotuma:

Bwana Wendell, shikamoo. Nilikosea mimi. Mama Révérienne alisema watoto watatu, mimi nikatafsiri watano. Kiingereza changu kina doa. Tafadhali andika hivyo, na jina langu liwepo. Wanapakiwa Alhamisi asubuhi. Nijibu ukishasoma tu, hata kwa neno moja: ukiandika sasa hivi, huko ofisini kwenu yupo atakayeisoma kabla ya Alhamisi?