Matabisi ya Feza

Jumatatu, 2 Februari
Nimeosha vizibo vya chupa jioni nzima. Mwenye buveti ya jirani, anayeuza bia na soda, amenipa mfuko mzima, akaniuliza kama nimeanza biashara. Ndiyo, nimeanza. Kesho darasa langu la mwaka wa pili ni soko, na vizibo ndiyo pesa.

Nimechoka na ubao. Naandika lita, nusu lita, wanaimba nyuma yangu kama korasi na hakuna anayejua anaimba nini. Wiki iliyopita tulifinyanga herufi kwa udongo, na hata wale wagumu sasa wanaijua M yao. Basi kesho wauze maji. Chupa ninazo, vikopo vya nyanya ninavyo. Papa Kyungu, mwalimu wa darasa linalopakana na langu, anasema mimi sifundishi, nacheza. Ana wivu tu.

Jumanne, 3 Februari
Robine ya shule bado kavu, haitoi tone. Papa mlinzi wa shule ametuletea bidoni mbili za maji ya ziwa juu ya baiskeli yake. Yenye kitambaa chekundu imetiwa dawa pale ufukweni, ndiyo ya kunywa. Isiyo na kitambaa ni ya kunawa mikono. Kwa soko nilichukua hiyo ya kunawa. Nikawaambia, tunapima tu, hakuna kunywa.

Soko lilichangamka. Feza ndiye aliyelitawala. Mama yake anauza samaki wadogo wa ndagala karibu na bandari, na kwao mteja haondoki bila matabisi, ile nyongeza kidogo juu ya kipimo. Kwa hiyo kila aliyenunua nusu lita, Feza alimmiminia matabisi kiganjani. Mkono kiunoni, sura ya mama yake kabisa. Nilicheka mpaka machozi. Nikaenda kununua na mimi. Akanimiminia. Nikanywa, nikasema asante Mama Feza. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya. Kukataa matabisi ni kumtukana muuzaji.

Waliponiona, wote wakanywa.

Nimekumbuka wakati wa kufagia. Bidoni pale kwenye kona, haina kitambaa. Nimekaa chini kwenye dawati la watoto. Natumaini si kitu.

Jumatano, 4 Februari
Feza hayupo.

Nimefundisha kutoa kwa vijiti. Sijui nimefundisha nini. Kila mtoto akiomba ruhusa kwenda nje, namfuata mpaka mlangoni na kumhesabia muda.

Baada ya masomo nimepita kwao. Mlango umefungwa kwa kamba. Jirani amesema wamempeleka hospitali alfajiri, anatapika na kuharisha maji meupe. Hakutaja ugonjwa. Mtaa huu hakuna asiyekijua kipindupindu. Naogopa. Naandika tena: naogopa.

Alhamisi, 5 Februari
Nimemwambia Papa Direkta, mkuu wetu wa shule, kila kitu. Amefunga mlango wa biro yake kwanza. Anasema mtaa mzima unakunywa ziwa, mtoto anaweza kuwa ameupata kwao, au kwenye embe, au popote. Nani atajua? Anasema nikifungua mdomo wazazi watatoa watoto wote, na shule itakufa kwa ajili ya mchezo wangu. Nikae kimya.

Anasema kweli kwamba hakuna atakayejua. Hilo ndilo linalonitisha. Naweza kunyamaza na nisiulizwe kamwe. Lakini wale wengine walikunywa pia. Mtoto akianza kuharisha nyumbani wazazi watasema ni minyoo, ni embe bichi, watangoja. Na ugonjwa huu haungoji.

Mimi bado mzima. Najishika tumbo kila mara. Nimekuwa mtu wa ajabu.

Ijumaa, 6 Februari
Kabwe naye hayupo.

Nilipoona nafasi yake tupu, nilifunga daftari la mahudhurio. Sikurudi kwa Direkta. Nimewaachia watoto udongo wafinyange wanachotaka, nikamwomba Papa Kyungu awaangalie. Alikubali bila mzaha, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikaenda nyumba kwa nyumba.

Nimesema hivi kila mlango: Jumanne mtoto wako amekunywa maji ya ziwa yasiyo na dawa darasani kwangu, kosa ni langu, akianza kuharisha mpeni maji ya chumvi na sukari na mkimbie hospitali siku hiyohiyo. Mama mmoja alinishukuru. Mwingine alinifuata mpaka barabarani akinitukana, majirani wakatoka kutazama. Baba mmoja, mfanyakazi wa reli, aliniuliza taratibu serikali inanilipa kwa kazi gani.

Kwa Kabwe nilifika mwisho. Yuko Mpala, kijijini. Nyanya yake amemchukua kwenye matanga. Anakula samaki na hana habari. Nilicheka kwa nguvu pale uani mpaka shangazi yake akanipa kiti.

Jumamosi, 7 Februari
Hospitali. Wagonjwa hawa wametengwa nyuma ya turubai, na kabla ya kuingia unakanyaga maji ya dawa ya klore.

Feza amekwisha nguvu. Macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Mrija wa serumu mkononi. Hakunitambua.

Mama yake alikuwa amekaa chini. Nikapiga magoti nikamwambia yote, matabisi na kitambaa na kicheko changu. Alikunja upya kitenge mapajani. Kisha akasema:

"Alinielezaka siku ileile, Madamu. Ule mutoto alikuwa na furaha. Alisema, hata Madamu alikunywa yangu."

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 8 Februari
Kanisani sikuweza kuimba. Niliomba kitu kimoja tu, na niliomba vibaya, kwa kufoka.

Jumatatu, 9 Februari
Madawati mengi matupu. Direkta amenipita uani bila salamu. Wenzangu wanasema atawaandikia wakubwa wa elimu. Aandike. Waliokuja wote wazima. Nawatazama wanavyokula mihogo yao na kila tonge linaniuma.

Hospitali: Feza amekunywa, hakutapika. Muuguzi anasema tusifurahi mapema. Sijafurahi. Nimeshusha pumzi tu, nusu.

Alhamisi, 12 Februari
Amekaa. Ameomba ndagala. Mama yake amecheka, kisha amelia, kisha amenigombeza mimi kwa sababu nililia pia. Serumu imetolewa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kando ya ziwa. Maji yametulia kabisa, safi kwa macho. Siyaamini.

Jumanne, 24 Februari
Feza amerudi. Sare imekuwa kubwa juu yake. Madawati yamejaa karibu yote, hata mtoto wa yule mama aliyenitukana yupo. Barua ya Direkta bado haijajibiwa, naingoja kama hukumu.

Sikutaka soko tena. Nilileta mchanga, tupime mchanga. Feza ndiye aliyekataa. Anasema mchanga haununuliwi na mtu mwenye akili. Wengine wakamuunga mkono.

Basi nilitia dawa mwenyewe, mbele yao, kila mmoja akasogea kuona matone. Tulingoja kwa kusoma. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye bidoni, Kabwe, aliyerudi kutoka Mpala, akakaza fundo. Ndipo Feza akapanga vikopo vyake. Nilinunua nusu lita kwa kizibo kimoja. Akapima sawasawa, kisha akainua kikopo juu ya kiganja changu. Matabisi.

Harufu ya dawa ilikuwepo, niliisikia vizuri. Hata hivyo niliyanusa mara ya pili. Nikanywa.

Niliwaambia, haya, zamu yenu. Hakuna aliyekinga mkono. Feza alifunika kikopo chake kwa daftari.

"Tungoje mpaka kesho, Madamu," alisema. "Ukiamuka muzima, na sisi tutakunywa."

Nimekula ugali, nimelisha kuku. Tumbo limetulia. Kesho nitawahi, niwe mlangoni kabla hawajafika, wanione.