Dakika Mbili za Kisirani

Kijiji cha Ujamaa Lukozi,
Lushoto.
14 Juni, 1975

Kwako ndugu yangu Rajabu,

Salamu nyingi sana, na pamoja na salamu nakuomba usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho. Najua ukiuona mwandiko wangu utashtuka, maana huu ni mwaka wa tisa tangu tutengane bila kuagana. Je, u mzima? Bi Mariamu, mama yako aliyenilea nami kama mwanawe, bado miguu inamsumbua wakati wa baridi? Mpe shikamoo yangu. Nimesikia kwa watu wanaokwenda gulio la Bumbuli kwamba umeoa huko Mgwashi, na Mungu amekujalia watoto watatu. Nilifurahi, ingawa nilizipokea habari hizo kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba aliyokatazwa kuingia.

Sisi huku tu wazima. Paskalina na watoto hawajambo. Mama yangu alilala katika Bwana mwaka juzi, majira ya vuli. Hata siku zake za mwisho alikuwa akiuliza mbona yule mwanawe wa Kiislamu haji tena kula.

Baridi ya mwaka huu imewahi. Ikifika saa tisa alasiri ukungu unateremka kutoka msituni, unaingia kwenye viazi, unapanda barazani, na mimi naacha kazi za ukatibu wa kijiji nakaa tu, nausikiliza. Watu wanadhani nimechoka. Kumbe niko kwenye kile kiwanja cha mpira cha Lushoto, mwaka wa pili wa Uhuru, na wewe uko kando yangu, tunasikia lori la wanamieleka likilia kwenye kona za kupanda kutoka Soni.

Unakumbuka walivyotandaza magunia ya maranda kutoka kiwanda cha mbao, wakaweka turubai juu, wakazungusha kamba za katani, na pale walipolala ng'ombe jana yake pakawa ulingo? Unamkumbuka Bwana Karani, aliyeingia na tai na miwani isiyo na vioo, faili kwapani? Kabla ya kupigana alimsomea mpinzani wake mashtaka: umechelewa kazini, umemtukana mkweo, umeuza ng'ombe mgonjwa. Akimshinda, alimshika kidole gumba akakichovya kwenye wino na kukigandamiza kwenye karatasi. Wazee waliowahi kusimama siku nzima kwenye madirisha ya ofisi walicheka hadi wakajifuta machozi. Na yule Daktari, aliyemtaka mpinzani atoe ulimi kwanza aukague, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyeona msiba!

Lakini hao walikuwa mboga tu. Ugali wenyewe ulikuwa Mwamba na Kisirani.

Mwamba alikuwa wetu, Abrahamu, mpasua mbao wa Magamba. Hakusema neno. Alivua shati, akalikunja polepole, akampa bibi yeyote aliyekaa mbele amshikie, na bibi yule alilikumbatia kama mjukuu. Kisirani alitoka huko bondeni kwenye mashamba ya katani. Aliingia kinyumenyume, uso umepakwa masizi, akatutangazia kwamba milima yetu ni vichuguu na matunda yetu yanafaa kuoshea vyungu. Watu elfu walimzomea kwa Kiswahili na Kishambaa. Ni wewe peke yako uliyempigia makofi. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema mtu anayekubali kuchukiwa na wote hao ili warudi makwao wamefurahi, huyo ndiye mwanamume hasa. Nilikuona mbishi. Nilikuwa nimempenda Mwamba kiasi kwamba usingizini nilikuwa naukunja mkono wangu kama wake.

Nakumbuka hasa ile siku ukungu ulipoufunika ulingo wote. Hatukuona kitu. Tulisikia tu vishindo, mihemo, na kamba zikilia. Hakuna aliyeondoka. Kila mtu alisimama pale akiutazama mchezo wa kichwani mwake, na ukungu ulipofunguka tukawakuta wote wawili wamelala chali wanacheka. Walituona, wakaacha kucheka mara moja, wakashikana tena. Ulinibonyeza ubavuni. Mimi sikutaka kuelewa.

Ikaja ile Jumamosi ya mwaka sitini na sita. Mpiga kengele wao alishikwa na homa njiani, wakaomba mtu mwenye saa, na mimi nilikuwa mwalimu kijana mwenye saa mpya mkononi. Wakanikalisha chini ya ile rimu ya gari iliyoning'inizwa iwe kengele, nyundo mkononi, na wewe ukasimama nyuma ya bega langu. Sharti lilikuwa rahisi: kama mwisho wa raundi ya tano hakuna aliyelazwa mabega chini hadi mwamuzi ahesabu kumi, mwenye mkanda wa ubingwa anabaki nao. Mkanda ulikuwa wa Mwamba.

Raundi ya tano Kisirani alimnyanyua Mwamba, akamtupa, akamlalia. Mwamuzi akapiga mkono chini, moja, mbili, tatu. Alipofika saba nilipiga rimu.

Ulipiga kelele, "Bado dakika mbili! Kornelio, bado dakika mbili!" Nikavuta mkono wa shati nikafunika saa, nikasema muda umekwisha. Ukaapa kwa jina la Mungu mbele ya watu wote kwamba umeiona saa kwa macho yako. Mimi nikaapa kwamba umeisoma vibaya. Watu walikuwa wameshambeba Mwamba mabegani, hawakutaka kusikia la mtu mmoja aliyempenda Kisirani. Wakakucheka. Mzee Saidi, baba yake Salma, alikuwa pale na kanzu yake, na posa yako alikuwa amekwisha kuipokea. Alinijia akaniuliza kwa utulivu, mimi mwalimu, kama ulichoapia ni kweli. Nikamwambia si kweli. Wiki ile ile alirudisha posa, akasema binti yake hataolewa na mtu anayelitaja jina la Mungu kwa uongo, tena kwa ajili ya mchezo.

Ulikuja nyumbani kwangu asubuhi moja kabla hujaondoka. Ulisimama uani, hukuketi. Ulinitaka niseme neno moja tu kwa Mzee Saidi. Nikakujibu kwamba saa yangu ilikuwa sahihi. Ukachukua kifurushi chako, ukaenda kwa wajomba zako. Salma ameolewa Korogwe, kama ulivyosikia bila shaka.

Sasa nikupe habari iliyonifanya niandike.

Mwaka jana, watu walipokuwa wanahamia vijijini, aliletwa kwetu mtu mmoja mrefu, shingo imepinda upande, mkono wa kushoto unaning'inia tu. Mimi ndiye niliyemwandika kwenye orodha. Nilipomwuliza jina akasema Abrahamu wa Magamba. Alikuwa Mwamba. Watoto wa hapa hawamjui. Wanamwita Babu wa Miche, kwa sababu kamati ilimpa kazi nyepesi ya kumwagilia miche ya kabichi, naye hufanya hivyo kwa mkono mmoja, akiinama juu ya kila mche kana kwamba anaunong'oneza.

Nilikuwa namtembelea alasiri, ukungu ukishashuka. Sikumwambia mimi ni nani zaidi ya kuwa katibu. Tulichagua mbegu za viazi huku akinisimulia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeota macho wazi. Alisema yeye na Kisirani, jina lake Selemani, hawakuwahi kugombana hata siku moja. Walilala chumba kimoja, walikula sahani moja, na yale matusi kuhusu milima yetu waliyatunga pamoja njiani. Walipangiana nani aanguke na lini. Nilidhani nitaumia kusikia hivyo, lakini sikuumia. Niliona tu ile siku ya ukungu, wawili wale wamelala chali wakicheka, na mkono wako ubavuni mwangu.

Kisha akanieleza ile Jumamosi. Shingo yake ilikuwa imeanza kumuuma tangu walipocheza Muheza, vidole vinakufa ganzi. Asubuhi ile, wakinywa uji, walikubaliana kwamba siku hiyo yeye atamwachia Selemani mkanda mbele ya watu wa kwao, kisha abaki Magamba, apumzike, alime. Ilikuwa iwe siku yake ya mwisho. Lakini kengele ikapigwa. Watu wakambeba, na mkuu wa kikundi alipoona vile akasema mtu anayependwa hivi haachwi. Akaendelea. Mwaka uliofuata, kwenye kiwanja kimoja huko bondeni, alianguka vibaya na hakuweza kuinuka. Selemani alimbeba mgongoni kutoka ulingoni hadi kwenye gari, huku watazamaji wakimzomea wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Selemani yule, Rajabu, kila masika anapanda milima na jembe lake kuja kumlimia mwenzake. Nimemwona mwaka huu kwa macho yangu. Ni mtu mpole, mwembamba, anaswali kwa wakati. Ulikuwa umemjua tangu mwanzo.

Abrahamu alimaliza kwa kusema kwamba hajawahi kumlaumu yule mpiga kengele, labda saa yake ilikuwa mbovu. Nikaweka viazi chini, nikatoka nje. Wiki tatu sikurudi kwake.

Saa haikuwa mbovu. Nakuandikia wewe sasa yale ninayoyajua tangu siku ile: niliiona sawasawa, zilibaki dakika mbili na kidogo, nami nilipiga kwa makusudi kwa sababu sikuweza kuvumilia kumwona Mwamba akihesabiwa. Hilo lilikuwa la sekunde moja, na pengine ningesamehewa. Lakini Mzee Saidi aliponiuliza nilikuwa nimekwisha kutulia, nilikuwa na akili zangu, na nilijua swali lile linahusu nini. Ulipokuja uani kwangu nilijua pia. Niliona haya kuvuliwa ualimu wangu mbele ya watu, nikaona afadhali uvuliwe wewe uchumba. Ulisema kweli, Rajabu. Mwongo nilikuwa mimi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikwenda kwenye miche nikamwambia Abrahamu yote. Aliendelea kumwagilia mpaka akamaliza tuta zima. Kisha akauliza, "Kwani kweli ilionekana nimeshindwa?" Nikamwambia ndiyo, mghosi, mzee wangu, tulidhani umekufa. Uso wake uling'aa, akasema basi walicheza vizuri siku hiyo. Halafu akaangalia ule mkono wake usiofanya kazi, na mng'ao ukamtoka taratibu. Akaniomba nimwache peke yake. Sijui kama amenisamehe. Jana alinipokea, akanipa ndoo nimsaidie, lakini hakusimulia kitu.

Juzi nikashuka Lushoto kwa Mzee Saidi. Amezeeka sana, haoni vizuri, ikabidi nijitambulishe mara mbili. Nilimwambia kila neno nililokuandikia hapa. Aliniuliza kwa nini nimekawia hivi. Akakaa akizungusha tasbihi yake mpaka ikaisha, ndipo akanituma kwako. Amesema nikuandikie hivi: "Rajabu mwanangu, nilikuhukumu kwa ushahidi wa mtu mmoja. Sina uwezo wa kukurudishia nilichokunyima, ila nakuomba radhi kabla sijafumba macho." Aliniagiza nimsomee maneno hayo tena, nikamsomea, akasema ni hayo.

Mimi sikuombi chochote. Ukitaka kunijibu, jibu. Ukitaka kuichoma barua, ichome, lakini maneno ya Mzee Saidi yahifadhi, yeye alistahili kuandikiwa na mkono safi kuliko huu.

Paskalina anakusalimu, wewe na mama watoto ambaye hatujamwona. Wanangu wanakusalimu pia; leo mchana niliwaketisha nikawaeleza Rajabu ni nani na baba yao alimfanya nini. Mkubwa hajasema nami tangu hapo. Wasalimie wajomba, na Bi Mariamu umbusu mkono kwa niaba yangu.

Wako niliyekukosea,
Kornelio