Mama, Mashine Zetu Haziendi kwa Wanunua Vyuma

Mama yangu wa Jabe,

Najua barua hii haina pa kukufikia. Naiandika hata hivyo, na nataka kaka naye aisome, maana nilishamwambia kwa mdomo akajifanya hasikii.

Unakumbuka kompyuta yetu ya kwanza? Uliikuta sokoni katika mzigo wa vitu vilivyotumika kutoka Ulaya, ukadhani ni mashine ya kuandikia, ukaniletea nijifunze kazi ya ofisi. Ilikuwa kibodi nene tu, haina kioo. Fundi redio wa jirani alituunganishia na televisheni, na rangi ya buluu ilipojaa kioo, ulivuta mkeka ukakaa chini hata vumbi la soko hujajipangusa. Tangu hapo kila mzigo ulipofunguliwa ulikwenda kuchungulia: mara kompyuta nyingine ya zamani, mara mashine ya michezo yenye kasha lililopasuka. Mimi nilizisafisha na kujifunza kuziandikia programu. Wewe ulicheza.

Ulitushinda wote. Wanawake wenzako walisema mama mzima, tena anayeswali, anacheza michezo ya watoto. Uliwajibu kwamba swala umeswali, duka umefunga, na muda uliobaki ni wako.

Halafu ukanidai mchezo wako mwenyewe: mwanamke avuke soko la Jabe mvua ikinyesha, kikapu cha ndagala kichwani, asimwage samaki hata mmoja. Nilikueleza kuwa mtu wa kwenye kioo huchorwa kwa vinukta vichache tu. Ukaniambia nikuchoree miraba kwa chaki sakafuni, ukaanza kupanga maharage ndani yake, kila harage nukta moja, unaweka na kuondoa. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa umekwisha kuukataa.

“Uyu ni mutu gani, hana kitambaa?” ukasema. “Mi sitokake inje kichwa wazi. Toa shingo, weka kitambaa.”

Nikatoa shingo. Umeme ukakatika kabla sijahifadhi kwenye kasete, kazi yote ikapotea, nikalia. Hukunibembeleza. Ulisema niandike tena, ukaenda kupika maharage yako.

Ulipofariki, tulipomaliza hitima ya arobaini, kaka aliniita pembeni. Alikuwa amekwisha kuelewana na wanunua vyuma chakavu waje wabebe mashine zote. Alisema yeye sasa ni mtu wa Kibenga, mtaa wa wenye mali, anapokea wageni wa maana, na hataki mama yake akumbukwe kwa michezo. Ilitosha watu waseme ulifanya biashara, uliswali, ulilea.

“Apana, kaka,” nikamwambia. “Mama alikuwa anacheza. Ukitoa ile, unabakiza mama ya nani?”

Akasema nikizibeba, mimi si dada yake tena. Nikazibeba.

Ziko kwangu mtaani Mutakura, katika chumba cha mbele ninamoshonea. Wateja wangu huvuka soko lako kwenye kioo huku wakisubiri nguo zao. Mama Furaha, jirani yangu aliyetoka Uvira, aliuliza kwa nini mwanamke ni yule yule mmoja. Nikamwandikia wa kwake, mwenye mtoto mgongoni. Ilinibidi nifute nusu ya mvua ili mtoto aenee kwenye kumbukumbu ya mashine. Naona usingenung'unika.

Kaka hajakanyaga kwangu. Siku ya Idi nilimpelekea pilau, akarudisha sahani bila neno. Inaniuma, mama, sitakuficha. Ni yeye aliyenifundisha kusoma saa. Lakini sitaomba radhi kwa sababu nimekataa kukupunguza.

Juzi mke wake alikuja kupima gauni. Akakaa mbele ya televisheni, akamwaga ndagala zote, akaanza upya, akacheka mpaka akashika mbavu. Alipoondoka aliniomba nisimwambie mumewe.

Nilimwambia sitamtafuta kaka ili nimwambie, lakini akiuliza sitamficha. “Ucheze muchezo wa mukwe wako bila haya,” nikasema. “Mwenyewe hakuonaka haya.”

Alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Kisha akavua viatu tena, akarudi mkekani.

Mungu akulaze pema, mama. Sisi huku tunacheza mchana kweupe.

Mimi binti yako, mkaidi kama wewe.